Pevingi za uani Arusha na Moshi: zinafaa, ila angalia kinachowekwa chini yake

Pevingi, yaani vitofali vya zege vya kutandaza chini, zinazofyatuliwa kando ya barabara Arusha na Moshi ni bidhaa nzuri kwa ua mdogo wa familia. Pevingi zenyewe tunazipa nne kati ya tano. Huduma ya kutandaza inayouzwa pamoja nazo tunaipa mbili, na hizo ni za mkono mzuri wa mafundi katika kupanga tu.

Pevingi ya kawaida ina sentimita 20 kwa 10, unene 6, na mita moja ya mraba inakula 50. Unene huo unatosha watu, baiskeli na gari dogo; za sentimita 8 waachie wenye malori. Nenda na rula, kwa sababu zipo zinazoitwa za sita na ni za tano. Gonganisha mbili: zilizokomaa hulia kwa mlio mkali, changa hutoa sauti butu kama gogo. Kwaruza kwa msumari. Unga ukitoka, ama saruji ilipunjwa ama hazikumwagiliwa. Zinataka kumwagiliwa angalau siku saba, hivyo ukikuta rundo la juzi limeachwa juani na muuzaji anakuambia "chukua tu bosi, zimekauka", kumbuka kwamba kukauka si kukomaa.

Zile zinazong'aa kama sahani, zilizomiminwa kwenye umbo la plastiki, zinavutia macho pale zinapouzwa. Chini ya mparachichi au mgrivea, masika yakikolea, zinaota ukungu wa kijani na mtoto anayekimbia anateleza. Chukua zenye uso wa kukwaruza, zilizofyatuliwa kwa mashine ya kutetemesha.

Kosa kubwa la wateja ni kufunika ua wote. Ua wa mita 6 kwa 8 ukipigwa pevingi kote, mvua ya milimita 30 inashusha lita 1,440, yaani mapipa saba ya lita 200, na sehemu kubwa ya maji hayo inakimbilia ukutani kwako au kwa jirani. Tandaza mita 3 kwa 4 tu mbele ya mlango wa jikoni, mahali pa jiko la mkaa, meza na beseni la kufulia. Hapo unahitaji pevingi 600, ongeza 30 za kuvunjika na kukata. Uzito wake ni kama tani 1.7, kwa hiyo usikubali kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, ibebe zote safari moja. Nyingi zitafika zimemeguka pembe.

Sasa kilicho chini, ambako ndiko pesa inakopotelea. Chimba sentimita 20. Weka moramu, udongo wa changarawe wa kujengea barabara, kwa tabaka mbili, kila moja ilowanishwe kidogo na ishindiliwe, mpaka zibaki sentimita 10 ngumu. Kwa eneo hilo agiza moramu mita za ujazo 1.5, maana inanywea. Juu yake mchanga sentimita 4, usioshindiliwa, kisha pevingi. Mafundi wengi huruka moramu na kutandaza mchanga mnene juu ya udongo. Masika ya kwanza pevingi zinabonyea na kuwa madimbwi. Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, chimba zaidi na uongeze moramu mara mbili.

Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Uso wa pevingi ukae sentimita 15 chini ya sakafu ya nyumba. Pembeni funga kabistoni, yaani mawe ya ukingo, kwa zege. Bila hiyo pevingi zinatawanyika kama meno ya mzee. Mfuniko wa chemba uachwe ukifunguka.

Na usiruhusu uji wa saruji umwagwe kwenye viungo. Fundi atakwambia ni "kuimarisha", kumbe anaziba njia ya maji na kukunyima faida kuu ya pevingi: bomba likipasuka unainua chache, unatengeneza, unarudisha. Fagia mchanga mkavu, laini, mpaka viungo vijae, kisha rudia baada ya wiki moja.

Sehemu iliyobaki panda ukoka, vipande kila sentimita 15, mvua zinapoanza. Kwenye kivuli kizito hautashika, hapo weka kokoto. Chini ya bembea weka mchanga sentimita 30, kamwe si pevingi. Kamba za nguo zipite juu ya ukoka, upande wenye jua la mchana.

Kazi ya pevingi ifanyike Juni hadi Septemba, udongo ukiwa mkavu. Bakiza sehemu ya malipo ya ufundi, kisha mwaga ndoo tatu za maji ukutani mbele ya fundi. Yakituama popote, ainue na kurudia kabla hujammalizia.