Ultrasaundi ya nyonga Ngamiani, Tanga: mkono mzuri, ripoti fupi mno

Binti aliyekuwa mzima majuzi tu anaanza kuropoka, halali usiku, mdomo unatafunatafuna bila chakula, kisha anaanguka kwa degedege. Nyumbani watasema kapandwa na shetani. Jirani atasema malaria imepanda kichwani. Ikithibitika kuwa ni kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea ishara, ugonjwa ambao Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007, lazima itafutwe teratoma, yaani uvimbe uliojificha kwenye ovari. Kituo hiki cha ultrasaundi tumekipima kwa kazi hiyo tu.

Maandalizi wanayajua. "Dada, mnyweshe maji lita moja, asiende haja ndogo mpaka tumwite." Kibofu kikijaa husukuma utumbo pembeni, ovari zikaonekana. Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo hubaniwa mpira kwanza, jambo ambalo wengi hulisahau. Kipimo cha ukeni huona karibu zaidi, nacho hutaka kibofu kitupu; kwa msichana ambaye hajawahi kujamiiana hawakifanyi, na wako sahihi.

Tatizo ni karatasi unayotoka nayo. "Ovari: kawaida." Basi. Je, zilionekana zote mbili, au moja ilifunikwa na gesi? Teratoma hubeba mafuta, nywele, hata jino. Kwenye skrini hutoa weupe mkali wenye kivuli nyuma yake, sura inayofanana sana na gesi ya utumbo, na mpimaji mwenye haraka huipita. Kwa mgonjwa huyu neno "kawaida" lisilo na vipimo ni hatari, kwa sababu daktari ataacha kutafuta na uvimbe utaendelea kuchochea kinga.

Kwa hiyo fomu isiandikwe "maumivu ya tumbo". Iandikwe "ensefalaitisi (ubongo kushambuliwa na kinga ya mwili), tafuta teratoma". Dai urefu, upana na kina cha kila ovari kwa milimita, pamoja na picha. Isiyoonekana iandikwe haikuonekana, kisha mgonjwa aende kupigwa picha ya CT au MRI ya nyonga. Kijana wa kiume apimwe korodani.

Sampuli za kingamwili wanazipokea na kuzisafirisha, ila huomba damu peke yake. Haitoshi: damu inaweza kuwa safi huku maji ya uti wa mgongo yakiwa na kingamwili. Pelekeni vyote viwili, kila chupa ikiwa na jina, saa na aina ya sampuli, na vichukuliwe kabla ya dripu ya imunoglobulini, maana ina kingamwili za watu wengine na huvuruga majibu.

Kwa mkono wa mpimaji, nendeni. Ripoti msiipokee mpaka ijazwe. Wakati huohuo matibabu ya kutuliza kinga yasisubiri karatasi hiyo. Uvimbe ukionekana, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji mapema.