Ziara ya basi ya historia ya wafanyakazi Chicago: kwa wafanyakazi wamepatia, kwa wakulima wamenipunja

Jumamosi iliyopita nilikuwa ofu, na kwa hii kazi yangu ya ghalani kupata ofu Jumamosi ni kama kuokota hela barabarani, nikasema leo silali. Kuna ziara ya basi ya siku nzima inazunguka sehemu zote za historia ya wafanyakazi hapa Chicago, dola 65, chakula juu yako. Jina la kampuni silitaji, ni watu wadogo wana basi moja tu na nina malalamiko kidogo, sitaki kuwaharibia. Ila nimeona niandike kwa sababu wabongo wengi tupo huku miaka nenda miaka rudi na hatujui kwamba Mei Mosi yetu ile, ya matisheti na mabango na mfanyakazi hodari kukabidhiwa friji mbele ya mgeni rasmi, imezaliwa hapa hapa mtaani, na cha kuchekesha wenyewe wamarekani tarehe 1 Mei wanaenda kazini kama kawaida.

Tuanze na mabaya yaishe. Tuliambiwa basi linaondoka saa 3 asubuhi, limeondoka saa 4 kasoro. Kiyoyozi kibovu, madirisha hayafunguki, kufika mchana watu tumelowa kama tumetoka kuvua. Sehemu tuliyopelekwa kula sandwichi dola 17 na mkate mgumu ungeweza kujengea ukuta. Basi, hayo yameisha.

Anayetuongoza ni mzee mmoja mwalimu mstaafu, anajua mambo mpaka unaogopa, hasomi popote, anaongea tu. Kituo cha kwanza mtaa wa Desplaines karibu na Randolph, Haymarket yenyewe, palipotokea kisa kilichotuletea Mei Mosi. Usitegemee uwanja mkubwa, ni pembeni ya barabara, magari yanapita, magorofa na migahawa ya bei mbaya imezunguka. Pale kuna sanamu ya rangi ya udongo mwekundu aliyoitengeneza Mary Brogger, imewekwa 2004, ni mkokoteni na watu juu yake wasio na sura, ukiwaangalia upande huu unaona wanajenga, ukizunguka unaona wanabomoa. Mkokoteni kwa sababu usiku ule wa tarehe 4 Mei 1886 wasemaji walikuwa wamesimama juu ya mkokoteni kuhutubia.

Kisa chenyewe kwa kifupi, tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya laki 3 nchi nzima waligoma wakitaka masaa 8 ya kazi, wakati huo kupiga 10 au 12 ni kawaida (mimi hapa 2 usiku mpaka 2 asubuhi, nikajikuta nacheka peke yangu, jirani akanitazama). Tarehe 3 polisi wakapiga risasi watu waliokuwa na mgogoro nje ya kiwanda cha McCormick, wakafa. Kesho yake ndo mkutano wa Haymarket. Meya Carter Harrison alikuja mwenyewe, akasikiliza, akaona hamna fujo akaenda zake nyumbani. Mvua ikaanza, watu wanatawanyika, ndo polisi wakaja kulazimisha mkutano ufungwe na mtu akarusha bomu. Nani? Mpaka leo hajulikani. Wakafa polisi 7 na raia wasiopungua 4, wakakamatwa wanaharakati 8 na kushtakiwa sio kwa kurusha, maana hakuna aliyethibitishwa kurusha, ni kwa walichokuwa wanasema na kuandika. Tarehe 11 Novemba 1887 wakanyongwa wanne, Spies, Parsons, Fischer na Engel. Wa tano, Lingg, alikufa seli siku moja kabla.

Mzee alivyofika hapo alikaa kimya kama nusu dakika hivi, akatuambia tusome vile vibao. Chini ya sanamu kuna vibao vya shaba vyama vya wafanyakazi vya nchi mbalimbali wamekuja kubandika, kila mmoja kwa namna yake, vingine vimekaa upande upande. Nilivisoma mpaka basi likapiga honi.

Makaburini ni Forest Home, nje kidogo ya mji, na hapo ndo hela yangu ilirudi. Mnara wa hao walionyongwa ni wa 1893, mwanamke wa shaba kajitanda kichwani, ana sura ya mtu aliyechoka kuonewa, anamvika taji mfanyakazi aliyelala chini. Chini yake yameandikwa maneno ya Spies aliyoyasema na kitanzi kiko shingoni, kwamba itafika siku kimya chetu kitakuwa na nguvu kuliko sauti mnazozinyonga leo. Watu wanaacha maua, sarafu, beji za vyama. Pembeni hapo kalala Lucy Parsons, mke wa Parsons, aliendelea kusimama kwenye majukwaa zaidi ya miaka 50 baada ya mumewe kunyongwa, akafa 1942 kwa moto nyumbani kwake akiwa bibi kizee. Mdada mmoja wa kwenye basi alilia kabisa. Mimi sikulia ila nilivua kofia.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Tangazo lao limeandika wazi kwamba ziara inahusu wafanyakazi, wakulima na wanamageuzi. Wakulima tumewapata wapi? Basi lilipunguza mwendo mtaa wa LaSalle mbele ya jengo la Board of Trade, soko la nafaka, mzee akatuonyesha juu kabisa ya paa sanamu ya Ceres, mungu wa kike wa nafaka wa warumi, akasema hana uso kwa sababu aliyechonga aliona hakuna jengo lingine refu la kumfikia kumwangalia, watu wakacheka, wakapiga picha, taa ikawaka kijani, tukaondoka. Dakika tatu. Nilihesabu.

Jamani mimi nimezaliwa Tandahimba, Mtwara, kwenye korosho. Nilishasoma kidogo habari za hawa wakulima wa Marekani kabla sijakata tiketi na nilikuja kwa ajili yao, ndo maana nimekasirika. Pale pale mjini Chicago ndo kulikuwa na maghala makubwa ya nafaka, mkulima wa Illinois au Iowa analeta ngano yake kwa reli, inamwagwa ghalani ikachanganywa na ya wengine, anapewa karatasi, stakabadhi, na hizo karatasi ndo zinauzwa na kununuliwa sokoni. Mwenye ghala ndo anapanga ada, ndo anasema hii daraja la kwanza hii la pili, mkulima hana pa kwenda. Kuna jamaa wawili, Munn na Scott, walifikia kutoa stakabadhi za nafaka ambayo haipo, wakaguzi walipokuja wakakuta mapipa yamejaa, kumbe juu wameweka sakafu ya mbao na kumwagia nafaka kiasi, chini tupu! Wakatimuliwa sokoni 1872. Mtu yeyote wa Mtwara akisikia hii hadithi hahitaji mkalimani.

Wakulima walikuwa na chama chao kinaitwa Grange, kimeanza 1867, wakabana wabunge mpaka Illinois ikatunga sheria 1871 kuweka kikomo cha ada za maghala, na kina Munn na Scott wakaipinga mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya nchi, ambayo 1877 ikasema hapana, biashara ikishagusa maslahi ya umma serikali ina haki ya kuipangia bei. Kesi kubwa, inafundishwa mpaka leo. Basi letu limepita nje ya mlango wa soko lenyewe halijasimama.

Na huko kusini kwenye pamba ilikuwa mbaya zaidi. Mkulima hana hela, anaenda duka la tajiri anakopa mbegu, unga, nguo, anaweka rehani pamba ambayo hata haijaota, bei ya mkopo juu, bei ya pamba kila mwaka chini, mwisho wa msimu wanafanya hesabu anakutwa bado anadaiwa, mwakani tena kwa tajiri yule yule. Hiyo ni kangomba! Kangomba tupu, yule mtu anayekuja kijijini njaa imebana, anakupa hela ya salfa ya kupulizia mikorosho na ya kula, korosho ikianguka anabeba yeye kwa bei aliyoitaka. Walichokuja kudai kina Charles Macune wa muungano wa wakulima mwaka 1889 ni serikali ijenge maghala, mkulima aweke mazao, apewe karatasi na mkopo wa asilimia 80 ya thamani kwa riba ya asilimia 1, auze bei ikipanda. Washington hawakukubali. Nilipoisoma hii mara ya kwanza nilimpigia baba simu usiku wa huko, yeye na AMCOS yake (chama cha ushirika cha wakulima) wanahangaika na stakabadhi ghalani tangu 2007, nikamwambia baba hii kitu yenu watu waliililia Marekani miaka zaidi ya 100 iliyopita, akaniuliza, walikuwa wanalipwa kwa wakati?

Kingine ambacho mzee alikuwa nacho mdomoni akakiacha ni kwamba kile kiwanda cha McCormick kilikuwa kinatengeneza mashine za kuvunia. Yani aliyepigwa risasi getini anatengeneza mashine ambayo mkulima wa Kansas ameikopa na inamnyima usingizi. Mashine moja, watu wawili wanaumia kwenye ncha mbili. Hapo ndo ulikuwa mahali pa kuunganisha, kwa sababu 1892 pale Omaha wakulima walianzisha chama chao cha siasa na wakatia kwenye madai yao masaa mafupi ya kazi ya kina mfanyakazi, na mgombea wao wa urais James Weaver akapata kura zaidi ya milioni moja. Vitu walivyodai, kama kodi ya mapato inayopanda na kipato na maseneta kuchaguliwa na wananchi wenyewe, vilikuja kuwa katiba 1913 chama chenyewe kishakufa.

Hull-House tulipita haraka ila panatosha. Jane Addams na mwenzake Ellen Starr walihamia pale 1889 katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini, wakaishi nao, shule ya chekechea, madarasa, bafu. Zamani majengo 13, sasa yamebaki mawili, mengine chuo kikuu kilivunja kujenga. Wanamageuzi wa hapo ndo walisukuma sheria ya viwanda ya 1893 ya kuzuia watoto chini ya miaka 14 kuajiriwa viwandani.

Mwisho Pullman, kusini mwa mji, na nasema pekee yake panastahili siku nzima. George Pullman alikuwa anatengeneza mabehewa ya kulala, akajenga mji mzima wa wafanyakazi wake kuanzia 1880, nyumba za matofali safu moja nzuri mpaka leo, maji ndani, gesi, hoteli kaiita jina la binti yake Florence. Ukitembea barabara ile unasema aisee huyu tajiri alikuwa na roho. Afu unaambiwa nyumba huwezi kununua, ni kupanga tu, kwake. Kanisa lake pia la kupanga, likakaa tupu kwa sababu kodi ilikuwa juu. Uchumi ulivyoanguka 1893 akakata mishahara kama robo hivi, kodi ya nyumba hakushusha hata senti. Kuna binti mshonaji, Jennie Curtis, baba yake alifanya kazi kwa Pullman miaka mingi akafa akiwa na deni la kodi dola 60, deni likahamia kwa binti, anakatwa kwenye mshahara wake mwenyewe! Mei 1894 wakagoma, Eugene Debs na chama chake cha watu wa reli wakasusa treni zote zenye mabehewa ya Pullman, nchi ikasimama, Rais Cleveland akaleta jeshi, Debs akafungwa miezi 6. Na katikati ya mgomo huo huo, tarehe 28 Juni, Cleveland akasaini sikukuu ya wafanyakazi iwe Septemba. Pullman alipokufa 1897 familia iliogopa wafanyakazi watamfukua, wakamzika usiku na kumwagia zege na vyuma vya reli juu.

Ila mzee hakuficha kwamba chama cha Debs kilikataa weusi wasiwe wanachama. Wahudumu weusi wa mabehewa, ambao abiria waliwaita wote "George" kama ni mali ya bwana Pullman, walisubiri mpaka 1925 kina A. Philip Randolph walipoanzisha chama chao, na mkataba na kampuni wakaupata 1937. Wana makumbusho yao hapo hapo jirani, tulipewa dakika 20, haitoshi.

Kwenye basi kurudi nilimfuata mzee nikamwambia yote haya ya wakulima. Hakukasirika, alisema wateja wengi wakisikia bei ya ngano wanasinzia, nikamwambia jaribu kuwaambia habari ya sakafu ya mbao uone kama watasinzia. Akacheka, akatoa simu, akaniomba nimwandikie neno kangomba. Nikamwandikia.

Nampa nyota 3 na nusu. Nenda mwezi wa 9 au wa 10 joto likishapungua, beba maji na chakula chako. Na kama dola 65 ni nyingi, panda treni ya Metra Electric ushuke 111th Street, Pullman ipo hapo hapo kwa miguu na kituo cha wageni kwenye mnara wa saa hawatozi kiingilio.