Uzoefu wangu: kulipa nauli London kwa kugusa kadi ya benki

Ninapopanga bajeti ya siku London, naanza na nauli, kwa kuwa ndilo fungu ambalo naweza kulijua kabla ya kufunga sanduku. Sababu ni kikomo cha siku. Unagusa kadi kwenye kisomeo cha njano, mfumo unajumlisha safari zako, na ukishafikia kikomo unaendelea kusafiri bila kukatwa zaidi. Kwa bei za 2025, kanda ya 1 na ya 2 (katikati ya jiji na maeneo yanayoizunguka) kikomo ni pauni 8.90. Kwa bei hizo hizo, anayetumia mabasi peke yake hulipa 1.75 kwa safari na hapiti 5.25 kwa siku. Tena basi lolote utakalopanda ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza halikatwi nauli. Siku yenyewe huhesabiwa kuanzia saa 10:30 alfajiri, kwa hiyo kurudi hotelini saa 7 usiku bado ni hesabu ya jana.

Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kikomo cha wiki. Kwa kanda hizo mbili ni pauni 44.70, lakini wiki ni Jumatatu hadi Jumapili tu. Ukikaa siku saba kuanzia Jumatatu, unalipa 44.70. Ukifika Alhamisi ukaondoka Jumatano, hukifikii kikomo hicho kamwe: siku saba mara 8.90 ni 62.30. Kama tiketi ya ndege inakuruhusu kuchagua, fika Jumapili jioni.

Hela hupotea hasa kwenye kugusa. Kwenye treni gusa unapoingia na unapotoka, hata pasipo na geti, na stesheni nyingi za DLR (treni nyepesi za mashariki mwa London) hazina. Ukisahau, unatozwa nauli ya juu kabisa, nayo haihesabiwi kwenye kikomo. Kwenye basi gusa ukipanda tu. Usichanganye kadi na simu, hata kama akaunti ni moja, maana mfumo unaona wasafiri wawili na kila mmoja anaanza sifuri. Vilevile watu wazima wawili hawawezi kutumia kadi moja.

Siku ya kutua Heathrow iwe na hesabu yake. Mwaka 2025 reli ya Piccadilly hadi katikati ya jiji ilikuwa 5.80, reli ya Elizabeth 13.90. Heathrow Express, treni ya haraka ya uwanja huo, haimo kwenye vikomo kabisa. Mimi siipendekezi kwa mwenye bajeti.

Na Oyster, kadi ya nauli ya London unayoijaza pesa? Tangu Septemba 2025 kadi tupu ni pauni 10 zisizorudishwa. Inunue tu kama benki yako inatoza ada nzito nje ya nchi. Hata hapo piga hesabu kwanza, kwa kuwa nauli za siku nzima hukatwa kwa mkupuo mmoja. Kadi ya mtandaoni isiyo na plastiki wala haijawekwa kwenye simu haitagusa popote, na mabasi hayapokei taslimu tangu 2014.

Kwa siku ya kawaida naandika 8.90 za nauli, kisha chakula. British Museum, National Gallery na Tate Modern ni bure, isipokuwa maonyesho maalumu. Mgahawani angalia chini ya bili: mara nyingi wameshaongeza 12.5% ya huduma, nayo ni hiari. Mashine ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa shilingi, chagua pauni.