Kroshia au sindano mbili?

Kazi ya kroshia, yaani ya kufuma kwa kulabu moja badala ya sindano mbili, ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Ukitaka kuiweka kando, kitie pini. Ukikosea, toa kulabu, fumua hadi penye kosa, uendelee. Sindano mbili hazina huruma hiyo. Sweta la vitanzi 100 lina vitanzi 100 vya kulinda, na kimoja kikiponyoka huporomoka mstari kwa mstari, hasa kwa uzi unaoteleza. Kipandishe kwa kulabu (ndiyo, ile ya kroshia), mstari mmoja mmoja, usivute kwa nguvu.

Hata hivyo, kwa sweta la mtoto shika sindano: kitambaa chake huvutika na ni chepesi. Kroshia hula uzi zaidi na hukakamaa. Iachie vitambaa vya meza na vikapu.