Gitaa la umeme lenye sauti kubwa: nunua lipi, acha lipi

Mpiga solo mwenzako anachomeka gitaa lake kwenye amplifaya ileile uliyokuwa unatumia wewe, vitufe havijaguswa, na ghafla madirisha yanatetemeka. Ukirudisha lako, unasikika kama redio ya jirani. Hapo ndipo wengi huanza kuchanga pesa za amplifaya kubwa zaidi. Subiri kwanza. Kutoka wati 20 kwenda wati 40, spika zikiwa zilezile, unaongeza desibeli 3 tu. Sikio litagundua, lakini halitashtuka. Tofauti uliyoisikia imetoka kwenye gitaa lenyewe, hasa kwenye pikapu.

Si pikapu ya kubebea mkaa. Ni kile kipande kilicho chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, na mzingo huo wa waya ndio unaoitwa koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya, na huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Mizunguko ikiongezeka, umeme unaongezeka. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, vilevile. Mbao ina mchango wake, lakini kwa suala la ukubwa wa sauti isikusumbue.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua bisibisi. Niliwahi kununua gitaa la mtumba lililokuwa linanong'ona. Nilishaanza kuulizia bei ya pikapu mpya, ndipo fundi mmoja akanionyesha kwamba pikapu zilikuwa zimezama chini kabisa. Akakaza skrubu mbili, kazi ikaisha. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu: kwa pikapu za mtindo wa zamani za kampuni ya Fender, takriban milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyuzi nyembamba ni pazuri pa kuanzia. Usizipandishe kwa tamaa. Sumaku ikikaribia mno huvuta uzi, na noti za nyuzi nene zinaanza kuyumba kana kwamba gitaa halijatuniwa.

Angalia na nyuzi zenyewe. Dukani unaweza kuuziwa nyuzi za gitaa kavu, lile lisilo la umeme, zile za rangi ya shaba, ukaambiwa "zote ni sawa." Si sawa. Bronzi haishikwi na sumaku, kwa hiyo nyuzi nene zitafifia huku nyembamba zikipiga kelele. Omba nyuzi za nikeli au chuma.

Kama bado unataka kununua gitaa, mimi ningezipanga hivi, nikimfikiria mtu anayepiga bendi au kwaya na ana gitaa moja tu.

Namba moja ni lenye pikapu ya aina ya hambaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, na pikapu mbili za koili moja mbele yake. Yamaha Pacifica 112 ndilo mfano ninaoutaja kila nikiulizwa. Hambaka ni koili mbili zilizounganishwa kwa namna ambayo mngurumo wa umeme wa nyumbani, ule wa hezi 50, unajifuta wenyewe. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliibuni katikati ya miaka ya 1950. Faida ya pili ni kwamba koili mbili zina nguvu kuliko moja. Ukihitaji kishindo cha solo unasukuma swichi nyuma. Ukirudi kwenye rizimu unaileta mbele.

La pili ni lenye hambaka mbili, la mtindo wa Les Paul ya Gibson. Hili ndilo litakalokushinda kwa sauti ukisimama nalo bega kwa bega. Kwa nini basi halikuwa la kwanza? Kwa sababu kuwa na sauti kubwa na kusikika ni mambo mawili. Mizunguko ikizidi, sauti kali za juu zinapungua, gitaa linakuwa nene, na kwenye benga au sebene, ambako vidole vinacheza juu shingoni na kila noti inatakiwa idondoke peke yake kama punje, unene huo unakwama katikati ya besi na kinanda. Kwa roki au injili ya kisasa, ligeuze liwe namba moja.

La tatu ni lenye pikapu tatu za koili moja, mtindo wa Stratocaster ya Fender ya mwaka 1954. Ndilo dogo kwa sauti hapa, na kwenye ukumbi wenye nyaya mbovu litanguruma. Lakini lina ung'avu, na ung'avu huo hupenya. Ukipiga rumba tupu, bila kuchanganya, nunua hili na uongeze kitufe cha amplifaya kidogo. Hakuna atakayekucheka.

Mwisho naweka yenye pikapu za betri, kama EMG 81. Zina nguvu na ni kimya ajabu, lakini zinakula betri ya volti 9 kila waya unapokuwa umechomekwa. Ukisahau kuchomoa usiku, unaweza kujikuta unakwaruza katikati ya ibada.

Ukienda dukani beba waya wako na multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua volumu yote, pima ukinzani kwenye ncha ya pili ya waya, pikapu moja moja. Koili moja ya kawaida itasoma kama kiloomu 6, hambaka ya mtindo wa zamani kama 8, na zile za kishindo huweza kufika 16. Usiabudu namba hiyo, kwa maana waya mwembamba zaidi nao hupandisha ukinzani bila kuongeza sauti. Inasaidia zaidi kukamata uongo: pikapu isiyosoma chochote imekatika, na hambaka inayosoma nusu ya mwenzake huenda ina koili moja iliyokufa. Hilo usilinunue hata likipunguzwa bei, isipokuwa una fundi wa kulehemu unayemwamini.