Tangi la Maji ya Bahari la Lita 40: Kikopo Hiki Kimenitia Hasira

Haya, niambieni wanangu, tumerudi. Maiki ya leo ni mpya, kama bado inakwaruza semeni huko kwenye maoni niirudishe dukani risiti ikiwa bado inasomeka.

Lile boksi la wiki iliyopita ndilo hili. Tangi la lita 40, seti ya mtu anayeanza kufuga samaki wa baharini. Taa, pampu, vyumba vya chujio kwa nyuma, hivyo mnavijua, sivirudii. Nimelitoa Kariakoo kwa laki nne na nusu, baada ya kuvutana na muuzaji mpaka adhana ya adhuhuri, na humo ndani nikakuta vitu viwili vya kuudhi. Cha kwanza hita. Jamani, hita! Dar es Salaam hii! Jana saa 8 mchana maji yalikuwa nyuzi 30 bila mtu kuyagusa, na samaki hawa wanataka 25, 26 hivi. Mimi natafuta feni, mtu ananiuzia jiko. Ipo kwenye droo, atakayehamia Njombe aje aichukue.

Cha pili ndicho hiki hapa. Ngoja nisogeze kamera. Kikopo cha plastiki, ndani kina mshale, wanakiita haidromita. Kazi yake kupima chumvi. Unachota maji, mshale unapanda, unasoma. Maji ya bahari tunataka 1.025 au 1.026, yaani uzito wake ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1. Rahisi, eh?

Tazama. Nachota. 1.027. Unajisemea, mh, chumvi imezidi. Sasa angalia mshale wenyewe, hapa chini, unaona vile vipovu? Vidogo kama punje za uwele. Hivyo ndivyo vinavyoubeba juu. Nagonga kwa ukucha... vimetoka viwili. 1.024. Nagonga tena... subirini, kuna kimoja king'ang'anizi... haya. 1.022! Maji yale yale, kikopo kile kile, sijaongeza wala kupunguza kitu. Wewe uliyeanza jana utashika namba ipi?

Sasa tuiulize refraktomita, kipimo kingine cha chumvi, hiki unachungulia kwa mwanga. Hii nimenunua mwenyewe, elfu sabini, imeniuma. Matone mawili kwenye kioo, unafunika, unaielekeza dirishani kama nahodha anayetafuta nchi kavu. Juu buluu, chini nyeupe, unasoma pale zinapokutana. 30. Bahari ni kama 35, yaani gramu 35 za chumvi kwenye kila kilo ya maji. Kwa hiyo maji yangu yamepooza. Na mimi siku ya kwanza nilikiamini kikopo, nikaona yamekolea, nikamimina jagi zima la maji yasiyo na chumvi! Ndiyo maana leo nina hasira, siyo bure. Ila nayo refraktomita msiitumie kichwa kichwa, inarekebishwa kwanza kwa kile kimiminika chake cha 35, kichupa kidogo kama cha dawa ya macho.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "si uchote tu maji ya bahari ufukweni Coco?" Kaka, mvua ikinyesha mto Msimbazi unashusha kila kitu baharini pale daraja la Selander, na mkondo hauulizi Coco ni wapi. Kama una mtu wa boti akuchotee huko mbali, sawa. Mimi nachanganya chumvi maalumu ya matangi, siyo ya mezani. Ya mezani haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Na maji ya kisima chetu hapa Sinza yana chumvi, ndiyo, ila siyo chumvi hii. Halafu mawe ya kuweka ndani ya tangi msiende kuyabeba Bongoyo wala Mbudya. Vile visiwa ni hifadhi. Nunua makavu.

Maji yakipungua usiongeze ya chumvi. Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Mimi na hii feni napoteza karibu nusu lita kwa siku, nafidia kwa maji ya kunywa ya... ah! Mmeona? Umeme huo. Sasa pampu imesimama, maji hayazunguki, samaki angekuwemo angeanza kutweta. Ndiyo kazi ya hii pampu ya hewa ya betri, elfu ishirini, nunua kabla ya samaki. Endelea kurekodi, simu ina chaji.

Samaki sijaweka, msiniulize. Leo siku ya 9. Bakteria lazima waote kwanza, waigeuze amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, iwe nitriti, kisha nitrati, na hiyo ni wiki 4 mpaka 6. Wale wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe mnaowataka watakuja, tulieni. Video ya kupima amonia ilikuwa Jumamosi, nimeisogeza, kuna harusi ya binamu.

Nilipanga kuwaambia msilinunue. Fundi wa vioo hapa mtaani anakutengenezea la lita 60 kwa laki na nusu, kioo kizuri, silikoni safi. Ila la fundi chujio linaning'inia ubavuni na linaguruma usiku kucha, nimelala nalo mwaka mzima najua. Hili hapa limekaa chumbani siku 9, kinachosikika ni feni tu. Hapo wamenishinda. Wakishusha mpaka laki tatu na nusu, wakatoa hita na hiki kikopo, nalinunua tena hata leo.

Umeme umerudi. Ngojeni... pampu imewaka yenyewe, safi. Acha nikaongeze chumvi kabla sijasahau.