Bunduki ya mbogo: 375 ya bolti au ya mitutu miwili? Nilizozibeba begani nazieleza

Mpwa wangu wa Kizimkazi kapata kazi kwenye kambi ya uwindaji huko bara, juzi barazani akaniuliza, "Mjomba, hasa hasa bunduki gani ya mbogo?" Watu wakacheka, maana huku kwetu mnyama mkali ni nguruwe tu na wasasi wanamfata na mbwa na mikuki. Lakini miye nimewabebea wageni bunduki misimu sita Selous, kabla sehemu kubwa haijafanywa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Iliyonikaa moyoni ni CZ 550, bunduki ya bolti, yaani chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kutia risasi, kaliba (upana wa risasi) 375 H&H. Risasi yenyewe kongwe, Holland & Holland wa London waliitoa 1912, na mpaka leo kwa mbogo na tembo sheria yetu haikuruhusu uende chini ya hapo. Uzuri wake upo kwenye kucha. Bolti ya mtindo wa Mauser 98, bunduki ya zamani ya Kijerumani, ina kucha kubwa ubavuni, risasi ikichomoka tu kwenye magazini (kisanduku cha risasi) ile kucha inaidaka takoni na haiiachii mpaka itupwe nje, hata mikono ikitetemeka vipi. Na magazini inakula tano, si haba.

Kwa nini nashikilia kucha? Mgeni mmoja alikuja na 458, kampuni siitaji, ya aina isokuwa na kucha hiyo, risasi inasukumwa tu inalala bila ya kushikwa mpaka bolti ikunjwe chini. Tumemfata mbogo dume tokea alfajiri, kampiga, mnyama kaingia kichakani. Mgeni kwa papara kasukuma bolti lakini hakuikunja, kairudisha nyuma, kasukuma tena. Ya mwanzo imebaki ndani ya mtutu, ya pili ikaja ikamgonga mwenzake tako, basi, haiendi hairudi. Yakhe, namtazama anachokoa risasi kwa kidole huku majani yanatikisika hatua ishirini mbele yetu! Alomaliza kazi ni mwindaji bingwa wetu, yule anayewaongoza wageni. 458 kama risasi sina ugomvi nayo, ina nguvu kweli, lakini bunduki ile nyota moja, na hiyo kwa sababu ya mkanda wake mzuri.

Sasa ya mitutu miwili, 470 Nitro. Hii ni kama boti yenye mashine mbili, moja ikizima unarudi Mkokotoni na ya pili. Triga mbili, kila mtutu na mtambo wake, risasi ya pili ni kuhamisha kidole tu, hakuna bolti ya kuvuta wala kelele za chuma, kwenye kichaka kizito sijaona inayoishinda. Lakini bwana wee, kilo tano kasoro kidogo, kuibeba toka asubuhi mpaka adhuhuri bega linakufa ganzi, ukishapiga mbili uivunje katikati kama shotigani uanze kujaza, na bei za zile za Kiingereza unajenga nyumba Fuoni na chenji inabaki. Tena fundi anailinganisha mitutu kwa aina moja ya risasi, ukiitilia nyengine wa kulia unapiga kwake na wa kushoto kwake. Nyota nne kwa mwenye pesa na mazoezi. Mgeni wa mara moja, hasha.

Jambo jengine ni teke, yaani bunduki inavyokupiga bega ikilia. Mwindaji bingwa wetu siku ya kujaribu bunduki kambini alikuwa anachanganya risasi moja ya bandia bila ya mgeni kujua, triga ikivutwa bila mlio unauona mtutu unazama chini, mtu keshafumba macho zamani. Hao wa kaliba kubwa ndio walozamisha sana, na wakipewa 375 wanatulia, risasi inakwenda begani kwa mnyama inapotakiwa. Ndio maana naipa tano.

Kuhusu darubini nimemwambia mpwa achukue ndogo ya kufunga juu ya bunduki, inayoanzia kukuza mara moja, na iwe inatoka bila ya spana. Risasi, mbogo aanze na ncha laini, zinazotanuka ndani ya nyama, kisha ngumu zisizotanuka zifuate, tembo ngumu tupu. Na asizichanganye, miye laini nilikuwa natia mfuko wa kulia, ngumu kushoto, na mfuko wa ngumu nimeufunga uzi mwekundu nisije nikakosea gizani.